Siku Tisa za Oktoba

Mwaka mzima umekaa ndani ya flashi moja,
saa elfu nane mia saba na sitini,
joto, unyevu, upepo, jua, safu kwa safu.
Umenifikia kutoka Ipuli katika bahasha ya dawa
na juu yake Kalunde Mihayo ameandika kwa biki:
*Usipoteze. Nakala sina.*

Nina wodi ya wazazi ambayo haijajengwa bado,
imesimama ndani ya kompyuta, tofali za kuchoma,
bati, madirisha kumi na mawili.
Nataka kuiuliza swali moja:
Oktoba, saa tisa mchana,
aliyejifungua jana atalala kwenye nyuzi ngapi?
Programu hainijibu mpaka niilishe mwaka mzima.
Saa moja tu ikikosekana, inanuna.

Usiku wa kwanza nilicheka peke yangu.
Jua la Kalunde linachomoza usiku wa manane,
namba sita liko utosini,
kufika namba kumi na tatu Tabora yote ni giza.
Nikampigia.
"Kwani saa sita mchana kwenu ni saa ngapi?" akaniuliza.
"Mimi nilikiwekea kile kidude saa ya watu."
Nikaongeza sita kila mstari, mpaka Desemba.
Bado jua lilichelewa kufika juu, robo tatu ya saa hivi.
Hapo sikugusa kitu. Tabora iko magharibi
na saa ya nchi imepangwa na walioko mashariki.

Juni, siku tatu, wati zinazama adhuhuri:
njiwa alikaa juu ya kioo, akaacha alichoacha.
Machi, saa kumi na moja hazipo. Betri.
Nikavuta mstari toka ukingo hadi ukingo
kama anayetandika gogo juu ya mtaro,
nikapita.

Kisha Oktoba.
Tarehe nane joto linapanda hadi thelathini na nne na nusu
na halishuki.
Mchana, thelathini na nne na nusu.
Usiku, vilevile. Alfajiri, wakati mji unatafuta shuka,
vilevile, umenyooka kama uzi wa mwashi.
Siku tisa.
Halafu tarehe kumi na saba, saa mbili usiku,
mruko mmoja hadi hamsini na moja.
Nikaandika pembeni: *kihisio kimekufa*.

"Hakijafa," alisema Kalunde. "Nyuki.
Kundi liliingia kwenye kibanda cheupe, likakizingira.
Nilingoja Shija Ngasa arudi porini na mwenge wake.
Hiyo hamsini na moja ni Shija."

Nikakaa na simu mkononi.
Nje kulikuwa na nyuzi kumi na tisa alfajiri,
thelathini na sita mchana, moshi wa mapori,
nao mle ndani, kwa mabawa tu,
walishikilia joto la watoto wao
lisipande, lisishuke.
Hesabu yangu yote ya bati na madirisha
ilikuwa inatafuta hicho.

Lakini mhandisi anataka faili Ijumaa, na safi.
Nikafuta.
Nikakopa siku tisa za uwanja wa ndege,
nikazipunguza nusu nyuzi kwa sababu ya lami ya kule,
nikaandika *zimekopwa*, asije mtu akadhani zilipimwa.

Programu ikameza, ikafikiri, ikajibu:
thelathini na tano na nukta mbili.
Nikainua dari. Nikaongeza baraza upande wa magharibi,
nikafungua matundu chini ya paa.
Thelathini na mbili na nukta nane.
Si haba. Si kidogo kwa mtoto wa siku moja.

Jioni Kalunde alituma ujumbe:
*Na nyuki umewaweka safu ipi?*

Hawana safu.
Wako kwenye faili lao, fupi,
mistari mia mbili na kumi na sita,
namba moja imerudiwa karibu yote.
Silipeleki popote. Hulifungua
nikichoka na hali ya hewa.